Kopo libaki dukani, boti upande wewe: jibu kwa baba wa mtoto wa wiki tatu

Swali lililonifikia ni la mume mmoja anayefanya kazi Unguja mjini. Mkewe amejifungua mtoto wao wa kwanza wiki tatu zilizopita na, kama ilivyo ada ya kwetu, yuko kwao Wete, kisiwani Pemba, akilelewa na mama yake mpaka arobaini itimie. Kila ikifika magharibi mtoto huanza kulia, na hatulii mpaka saa nne au saa tano za usiku. Mkwe anasema maziwa ya bintiye ni mepesi na hayamshibishi mtoto, na juzi mke mwenyewe amepiga simu akimtaka mumewe atie kopo la maziwa kwenye boti ya asubuhi. Muulizaji anataka kujua mambo mawili: alitume kopo hilo au asilitume, na je, yeye kama baba ana neno lolote katika jambo ambalo tangu utoto wake ameambiwa ni la wanawake?

Waalaykum salaam, ndugu yangu, na hongera kwa mtoto. Nitaanza na swali lako la pili, kwa kuwa la kwanza limo ndani yake.

Unalo neno, tena zito kuliko unavyodhani. Mkeo yuko katika nyumba iliyojaa wanawake wenye uzoefu, lakini ilipofika kuamua juu ya kopo alikupigia wewe. Kwa upande mmoja ni kwa sababu fedha ni zako, na kwa upande wa pili, kama nilivyoona kwa wazazi wengi, ni kwa sababu alitaka kusikia utasema nini. Ungelituma kopo bila ya kuuliza, angeelewa kwamba na wewe umekubali kuwa mwili wake haufai kwa kazi hii. Ungekataa kwa ukali, angeelewa kwamba humwonei huruma. Bahati nzuri hukufanya lolote kati ya hayo; uliuliza kwanza.

Uzito huo wa neno la baba umepimwa. Nchini Marekani, katika jimbo la Georgia, watafiti waliwahoji akina baba 250 wenye watoto wachanga, na matokeo yakachapishwa mwaka 2023. Miongoni mwa waliotaka mtoto wao anyonyeshwe, asilimia 95 walisema kwamba mtoto alianza kunyonya, na asilimia 78 kwamba alikuwa bado ananyonya alipofika wiki 8. Miongoni mwa wale ambao hawakutaka, au waliosema kwao ni mamoja, asilimia hizo zilikuwa 69 na 33. Tofauti ni kubwa, lakini haifai kuisoma kama hesabu ya dukani, kwani mume anayetaka mtoto anyonye mara nyingi ameoa mke anayetaka hivyo hivyo, na waliotoa majibu ni baba wenyewe. Kwa hiyo mimi huutegemea zaidi uchunguzi uliofanywa Naples, Italia, na kuchapishwa mwaka 2005. Wanawake 280 wote walisaidiwa kunyonyesha, ila waume wa nusu yao walifundishwa pia kuzitambua na kuzitatua shida zinazompata mnyonyeshaji: maumivu, ziwa kujaa, na hofu ya kwamba maziwa hayatoshi. Waume wa nusu ya pili walielezwa malezi ya mtoto kwa jumla tu. Miezi sita ilipotimia, waliokuwa wananyonyesha kikamilifu walikuwa asilimia 25 katika kundi la kwanza na asilimia 15 katika la pili. Na ukiwatazama wale tu waliokutana na shida njiani, kama mkeo hivi sasa, ilikuwa asilimia 24 kwa chini ya 5.

Nakuongezea na la Japani, usije ukadhani kwamba kila baba aliye karibu ni faida. Huko watafiti waliona kwamba watoto ambao baba zao walishiriki sana katika kuwahudumia walikuwa na uwezekano mdogo zaidi wa kulishwa maziwa ya mama peke yake. Sababu si ngumu kuikisia: mwanamme mwenye hamu ya kushiriki hutafuta cha kufanya kwa mikono yake, na kinachomjia haraka ni chupa. Basi kazi yako wewe si kumlisha mtoto. Kazi yako ni kumlinda anayemlisha, na huwezi kumlinda usipojua ni kitu gani kinamtisha.

Kinachomtisha mkeo ni dhana kwamba maziwa yake yanakwisha. Wengi wetu huyafikiria maziwa kama maji ya tangi la juu ya paa, kwamba yapo ya kiasi na yakitumika yanapungua. Sivyo yalivyo. Maziwa hutengenezwa kwa kadiri yanavyotolewa. Mtoto akivuta, ubongo wa mama hutoa homoni mbili: prolaktini, inayoliamuru ziwa litengeneze, na ambayo hupanda zaidi usiku, na oksitosini, inayoyasukuma maziwa yashuke. Ziwa lililokamuliwa likawa laini hupokea amri ya kuongeza, na ziwa lililoachwa limejaa hupokea amri ya kupunguza. Sasa fikiria kopo linapofika Wete. Magharibi mtoto analia, anapewa maziwa ya kopo, analala fofofo, na nyumba nzima inashukuru. Lakini ziwa halikunyonywa jioni hiyo wala usiku wake, na mwili umesikia kwamba maziwa hayahitajiki. Baada ya wiki moja au mbili ya mtindo huo maziwa yatapungua kweli, na mkwe wako atasema, “Si nilisema?” Na mara hiyo atakuwa amesema sahihi.

Oksitosini ina tabia moja ambayo kila mume angepaswa kuijua. Inaathirika kwa maumivu, hofu, fedheha na huzuni. Mama anayeambiwa mchana kutwa kwamba maziwa yake ni maji matupu huketi kunyonyesha moyo ukimdunda. Mtoto anavuta, maziwa hayashuki, mtoto anakasirika na kulia, na kilio hicho kinageuka kuwa ushahidi dhidi ya mama. Kinyume chake ni kweli pia. Anayekaa kwa utulivu, ameshiba, ameegemea vizuri, na anajua mumewe yuko upande wake, maziwa humshukia kwa wepesi. Ndiyo maana nasema neno la mume huingia mwilini. Sisemi kwa kupamba maneno.

Kuhusu wepesi wa maziwa, mkwe hakukosea kuona, amekosea kufasiri. Maziwa ya mwanzo wa kila mnyonyo huwa mepesi, pengine yenye weupe wa kibuluu, nayo humkata mtoto kiu. Kadiri ziwa linavyoendelea kunyonywa ndivyo mafuta yanavyozidi. Mtoto na aachwe alimalize ziwa moja mpaka aliachie mwenyewe, ndipo apewe la pili. Na kilio cha jioni katika umri huu kinajulikana sana. Huanza wiki ya pili au ya tatu, hufikia kilele karibu na wiki ya sita, kisha hupungua hadi kutoweka mtoto anapokaribia miezi mitatu au minne. Jioni watoto wengi hutaka kunyonya mfululizo, mara hili mara lile, na mama hudhani wanafanya hivyo kwa kukosa, kumbe ndivyo wanavyojiagizia maziwa ya kesho.

Utajuaje basi kama anashiba? Kilio usikifanye mizani. Mizani ipo kituo cha afya. Mtoto mchanga hupungua uzito siku za mwanzo, hata kufikia asilimia 7 au zaidi kidogo, na hutakiwa awe amerudi katika uzito wake wa kuzaliwa afikapo wiki mbili. Baada ya hapo huongeza kiasi cha gramu 150 hadi 200 kwa wiki. Kipimo cha pili kiko kwenye kamba ya kuanikia: nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo wake ukiwa mweupe usio na harufu kali, ni dalili ya mtoto anayepata. Na anyonye mara nane hadi kumi na mbili kwa mchana na usiku, bila ya kuongezewa hata maji, mpaka miezi sita itimie. Hilo la maji nalisisitiza kwa sababu joto letu huwafanya watu wamwonee mtoto huruma ya kiu, na hali maziwa ya mama sehemu yake kubwa ni maji. Asali nayo asipewe kabisa kabla ya kutimiza mwaka, kwani inaweza kuwa na vijidudu ambavyo utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kupambana navyo.

Hapa naomba nikusimulie jambo moja, kwa kuwa linahusu wanaume zaidi ya linavyohusu wanawake. Miaka kadhaa nyuma niliitwa katika nyumba moja ya shamba, kusini Unguja, kwa mzazi wa siku kumi na mbili ambaye chuchu zake zilikuwa zimechanika mpaka zinatoa damu. Nilipofika nilimkuta mumewe, mvuvi, amekaa barazani na chupa ya chai pembeni yake. Ndani ya chupa mlikuwa na supu ya pweza. Kila asubuhi alikuwa akiileta, akiikabidhi mlangoni, kisha akikaa nje kusikiliza kilio cha mtoto na cha mama pamoja, asijue la kufanya. Ndani, mkewe alikuwa amekaa juu ya kigoda bila ya kuegemea popote, ameinama kumfuata mtoto badala ya kumleta mtoto kwake, na mtoto ameikamata ncha ya chuchu tu kama anayenyonya mrija.

Niliomba mume aingie. Bibi mmoja aliguna, lakini alimpisha. Nikamketisha mume kitandani ameegemea ukuta, mkewe akamwegemea yeye, na mtoto tukamgeuza tumbo lake liguse tumbo la mama, pua yake ielekee chuchu. Tukangoja. Mtoto alipofungua kinywa wazi kabisa, kama anayepiga miayo, mama akamvuta kwake kwa haraka, kidevu kikazama kwenye ziwa, mdomo wa chini ukapinduka nje, na ule weusi unaozunguka chuchu ukaingia kinywani zaidi upande wa chini kuliko wa juu. Mama alikunja uso akisubiri maumivu, kisha uso ukakunjuka wenyewe. Chumba kilinyamaza, na katika ule ukimya ikasikika sauti ndogo: anavuta, anavuta, kh, anavuta, kh. Yule mvuvi aliuliza kwa sauti ya chini, “Ndiyo anameza?” Nikamwambia ndiyo. Alikuwa na mtoto wa siku kumi na mbili na hakuwahi kuisikia sauti hiyo. Tangu siku ile yeye ndiye aliyekuwa akimwambia mkewe, “Huyu hajakamata vizuri, mtoe umrudishe,” na kwa kweli jicho lake lilikuwa zuri, labda kwa mazoea ya kutazama ndoano.

Supu yake pia haikupotea. Mnyonyeshaji anahitaji takriban kalori 500 za ziada kwa siku, na pweza, kuku wa kienyeji, maharage na uji wa pilipili manga vyote vinafaa, ingawa hakuna chakula chenye muujiza wa kuzalisha maziwa ikiwa ziwa halinyonywi. Tatizo lilikuwa kwamba mume alidhani wajibu wake unaishia mlangoni.

Kwa sisi Waislamu jambo hili si geni, ila hatulisomi mpaka mwisho. Aya ya 233 ya Suratul-Baqarah hutajwa sana kwa ile miaka miwili kamili ya kunyonyesha, lakini aya hiyo hiyo inamtaja baba waziwazi: chakula na mavazi ya mama ni juu yake kwa wema, na wakitaka kumwachisha mtoto, basi iwe kwa kuridhiana na kushauriana wote wawili. Jambo ambalo baba ametajwa katika mashauriano yake haliwi la wanawake peke yao.

Turudi kwa kopo lako. Mimi nakushauri usilitume kabla mtoto hajapimwa. Kopo la gramu 400 hutoa kiasi cha lita tatu za maziwa yaliyochanganywa, na mtoto wa mwezi mmoja anayelitegemea hilo tu atalimaliza kwa siku nne au tano. Piga hesabu ya miezi sita, halafu uongeze mafuta au mkaa wa kuchemshia maji na vyombo kila mara. Nimewaona wengi walioanza kwa nia njema wakaishia kupunguza unga na kuongeza maji ili kopo lifike mwisho wa mwezi, na mtoto akadhoofu huku tumbo limejaa. Maziwa ya kopo yana mahali pake, kwa mtoto ambaye daktari ameamua kuwa anayahitaji. Hayafai kuwa dawa ya kilio cha magharibi.

Ukiweza kupata ruhusa, panda boti wewe mwenyewe. Wako waume wanaokwenda dago, kambi ya uvuvi ya mbali, wiki kadhaa na hawana njia ya kurudi. Wewe bahari yako ni ya saa chache. Ukifika, usishindane na mkwe. Mkwe hashindwi kwa hoja nyumbani kwake, na pia si haki, kwani huyo ndiye anayeamka usiku na bintiye wakati wewe umelala mjini. Mshukuru kwanza, kisha mwombe kwa heshima: “Mama, naomba kesho tumpeleke mtoto akapimwe, ili sote tutulie.” Mizani ikisema mtoto ameongeza, mkwe atakuwa ameiona kwa macho yake, wala hatakuwa ameshindwa na mtu. Mwombe mhudumu pia amtazame mtoto akiwa ananyonya, asiishie kupima tu. Jioni, kilio kikianza na mtoto ameshanyonya, mchukue wewe. Mweke kifuani ngozi kwa ngozi, umfunike kwa kanga, utembee naye ukumbini. Kifua cha baba humtuliza mtoto kwa joto na mapigo yake, tena hakina harufu ya maziwa ya kumtamanisha, na mama anapata nusu saa ya kulala au kuoga. Kama unavuta sigara, usivute ndani ya nyumba wala karibu naye.

Hujaniuliza kuhusu kubemenda, lakini najua litakufikia arobaini ikitimia, na ni heri nilitaje. Husemwa kwamba baba akimkaribia mama anayenyonyesha maziwa huharibika na mtoto hudhoofika. Mbegu za mwanamme haziingii katika maziwa, na tendo lenyewe halimdhuru mtoto. Wazee waliona jambo la kweli wakalipa jina lisilo lake: mama alipobeba mimba nyingine mapema, mtoto aliachishwa ziwa akiwa mdogo, na kweli alidhoofika. Dawa yake ni kupanga uzazi. Kunyonyesha kwenyewe huzuia mimba kwa zaidi ya asilimia 98, ila kwa masharti matatu yakiwa pamoja: mtoto hajatimiza miezi sita, ananyonya tu bila ya chochote kingine mchana na usiku, na mama hajaanza kuona hedhi. Sharti moja likivunjika, nendeni kliniki pamoja mkachague njia nyingine. Na ile tafsiri ya kumtenga mke miaka miwili, kisha mume akatafuta kwengine kwa kisingizio cha kumlinda mtoto, mimi siiheshimu hata kidogo.

Baadaye itakuja likizo ya uzazi kumalizika na mkeo kurudi skuli kufundisha, kama ulivyonieleza, na hapo ndipo mikono yako itakapotakiwa kweli. Maziwa yaliyokamuliwa katika chombo safi chenye mfuniko hukaa saa nne hivi katika chumba kisicho na joto kali, kwa hali ya hewa yetu ni bora uhesabu pungufu, na hukaa mpaka siku nne ndani ya friji. Apewe kwa kikombe kidogo, akiwa ameketishwa, ukigusisha maziwa mdomoni na kumwacha ayalambe mwenyewe, usimmiminie. Wanawake wakulima wa mwani wanaoshuka pwani wakati wa bamvua, maji yanapotoka mbali, hufanya hivi, na wengine huletewa mtoto ufukweni na mume maji yanapoanza kujaa. Nimewaona wanaume wa Jambiani wakitembea mchangani na mtoto kifuani bila ya kuona haya, nami nilipenda kuwaona.

Yapo ya kutosubiri boti wala barua yangu. Mtoto akiwa mlegevu na haamki kunyonya, akawa na homa, akakojoa mara chache mno, au macho na ngozi vikawa vya manjano mpaka miguuni, apelekwe hospitali usiku huo huo. Kwa mama, ziwa likiwa jekundu, gumu na la moto pamoja na homa, atibiwe mapema, na asiache kunyonyesha. Ziwa lisiponyonywa huzidi kuharibika. Na ukimwona analia bila sababu siku nyingi, hali, halali hata mtoto anapolala, au anasema mtoto angekuwa bora bila yeye, hayo ni maradhi na yana tiba, asiambiwe kwamba anadeka.

Usiku wa leo, kabla ya kukata tiketi, mpigie simu mkeo mtoto anapoanza kulia. Usimuulize kama maziwa yametoka. Muulize kama ameegemea vizuri na kama amekula, halafu mwambie amhesabie mtoto nepi za kesho, tangu alfajiri mpaka alfajiri ya pili, na akutajie idadi yake.